Chanjo: Kwa nini wengine huikimbilia na wengine huikimbia?

Mwezi wa Aprili 2021 mama mmoja wa miaka 60 hivi, mwuza mboga ambaye nimemtibu shinikizo la damu kwa muda mrefu, alikuja kliniki kupimwa kama ilivyo kawaida yake. Chanjo ya korona ilikuwa imeanza kutolewa nchini mwezi uliotangulia, na watu wa umri wake, yaani waliopita miaka 58, walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa. Nilimshauri aende hospitali akadungwe. Akaniuliza: "Daktari, mimi hata Panadol nainunua kwa pesa zangu. Hii sindano ya Wazungu ni ya bure kwa nini?"

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa nimechoka. Nilimjibu kwamba aache kusikiliza hadithi za WhatsApp. Hakubishana nami. Alichukua kikapu chake, akasema asante, akaenda zake. Mwezi wa Agosti mwanawe alinipigia simu kunieleza kwamba mama yuko hospitalini akipumua kwa oksijeni. Alilazwa kwa siku 19. Alipona, lakini familia iliuza kipande cha shamba la nyumbani ili kulipa deni, na hadi leo mama huyo hawezi kupanda ngazi za soko bila kupumzika mara mbili.

Sisi madaktari tuna mazoea mabaya ya kudhani kwamba anayeikataa chanjo ni mjinga, na kwamba akielimishwa atakubali. Tangu siku hiyo nimefuatilia sana jinsi mataifa mbalimbali yalivyozipokea chanjo za majanga, na nimeona kwamba ujinga hauelezi mengi. Kama ungekuwa ndio sababu, Ufaransa, nchi ya Louis Pasteur, ingeongoza dunia kwa kuipenda sindano. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 67 mwaka wa 2016 ulionyesha kinyume. Wafaransa 41 katika kila 100 walisema hawaamini kwamba chanjo ni salama. Hakuna nchi nyingine kati ya hizo 67 iliyokuwa na shaka kubwa kiasi hicho.

Kwanza tukumbuke kwamba chanjo ya wakati wa janga si sawa na ile ambayo mtoto hupewa kliniki. Ya mtoto tumeizoea. Mama alidungwa, nyanya alidungwa, na kovu la sindano ya kifua kikuu liko mkononi mwa karibu kila mmoja wetu. Chanjo ya janga ni mpya, huja kwa haraka, na hupewa mtu mzima asiyeumwa na popote, tena huku serikali ikimhimiza kupitia redioni asubuhi na jioni. Uingereza ilianza kuwachanja watu wake dhidi ya korona tarehe 8 Desemba 2020, mwaka mmoja hivi tangu maradhi hayo yajulikane. Haraka hiyo ilikuwa na sababu zake. Ufundi wenyewe ulikuwa umefanyiwa kazi kwa miaka mingi kabla, pesa zilitolewa mapema, hatua za majaribio zilifanywa kwa kupishana badala ya kungojana, na kwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi kila mahali, ilijulikana upesi kama chanjo inafanya kazi au haifanyi. Lakini mwananchi aliyeona haya yote kutoka nje aliona haraka tu. Na mtu akiharakishwa, hutazama ni nani anayemharakisha. Hapo ndipo historia ya kila taifa inapoingia.

Wafaransa na Wajapani

Katika miaka ya 1984 na 1985 wagonjwa wengi wa Ufaransa ambao damu yao haigandi walipewa bidhaa za damu zenye virusi vya Ukimwi, na ikaja kugunduliwa kwamba hatari hiyo ilikuwa imeanza kujulikana. Kesi iliwafikia hata mawaziri, ambao walisimamishwa kortini mwaka wa 1999. Wakati kidonda hicho bado kibichi, serikali ilianzisha mwaka wa 1994 kampeni ya kuwachanja wanafunzi dhidi ya homa ya ini aina ya B. Baadaye kukazuka hofu kwamba chanjo hiyo inaleta ugonjwa wa neva, na mwaka wa 1998 kampeni ya shuleni ikasimamishwa. Utafiti haukuthibitisha hofu hiyo. Hata hivyo, mzazi aliyeona serikali ikisimamisha chanjo alijiambia kwamba moshi haukosi moto.

Kwa hivyo homa ya nguruwe ilipoenea duniani mwaka wa 2009, uwanja ulikuwa umekwisha kuharibika. Ufaransa iliagiza dozi milioni 94. Badala ya kuwatumia madaktari wa mitaani ambao watu wanawajua kwa majina, serikali iliwaita wananchi kwenye majumba ya michezo. Waliojitokeza hawakufika mtu mmoja katika kila 10. Mwaka huo huo, kwa ugonjwa huo huo, Sweden iliwachanja watu wapatao 6 katika kila 10. Raia wa Sweden kwa desturi huiona serikali yake kama chombo chake mwenyewe, na wengi walikwenda kudungwa kama wajibu kwa jirani.

Haki yataka nieleze yaliyofuata huko Sweden. Mwaka wa 2010 iligunduliwa, huko na nchini Finland, kwamba baadhi ya watoto na vijana waliopata chanjo iitwayo Pandemrix walishikwa na maradhi ya kusinzia ghafla mchana, maradhi yasiyopona. Walikuwa wachache wakilinganishwa na mamilioni waliochanjwa, lakini walikuwepo. Daktari anayewaambia watu kwamba chanjo haijawahi kumdhuru mtu yeyote anasema uongo, na siku uongo huo ukijulikana hataaminiwa hata akisema maji ni baridi. Hata hivyo, korona ilipokuja, raia wengi wa Sweden walirudi tena kuchanjwa. Madhara ya Pandemrix hayakufichwa. Yalichunguzwa na kutangazwa, na baadaye waathiriwa wakalipwa fidia.

Japani nayo ina njia yake. Sheria ya mwaka wa 1948 iliwalazimisha watu kuchanjwa, na mwaka huo huo chanjo mbovu ya dondakoo iliwaua makumi ya watoto. Chanjo ya pamoja ya ukambi, matumbwitumbwi na rubela iliyoanza mwaka wa 1989 ilisimamishwa mwaka wa 1993 kwa sababu sehemu ya matumbwitumbwi ilikuwa ikiwaletea watoto wengine uvimbe wa utando wa ubongo. Mwaka wa 1994 sheria ikabadilishwa: chanjo haikuwa tena lazima, bali ushauri. Mwaka wa 2013, baada ya malalamiko kuhusu chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, serikali iliacha kuihimiza, na haikuihimiza tena hadi Aprili 2022. Katika miaka hiyo wasichana walioipata walipungua mno hata wakawa karibu hakuna.

Kwa historia kama hiyo wengi walitarajia Wajapani waikatae chanjo ya korona. Walichelewa kuianza, tarehe 17 Februari 2021, lakini kabla mwaka kwisha zaidi ya robo tatu ya watu wote walikuwa wamepata dozi mbili. Hakuna aliyelazimishwa. Kila mtu aliletewa na halmashauri ya mji wake barua yenye tikiti ya chanjo kwa jina lake. Alipofika kituoni alijaza fomu ya maswali kuhusu afya yake, kisha daktari akaketi naye na kuipitia fomu hiyo kabla ya sindano. Huo ni utaratibu wao wa siku zote na huchukua muda. Mtu husikia kwamba amepimwa yeye binafsi, kwamba yuko mtu aliyetia sahihi na atakayewajibika mambo yakienda mrama. Naona jambo hili linafaa sana kuigwa kuliko mabango tunayobandika ukutani.

Wafaransa hawakupigiwa magoti kwa barua. Tarehe 12 Julai 2021 Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba atakayetaka kuketi mkahawani au kupanda treni ya mbali ni sharti aonyeshe cheti. Kwa muda wa siku moja watu zaidi ya 900,000 waliandikisha miadi ya chanjo. Maelfu waliandamana barabarani kwa kupinga, na wengi wakachanjwa wakinung'unika. Mfaransa, yaonekana, yuko tayari kubishana na serikali yake hadi usiku, mradi asinyimwe kahawa yake asubuhi.

Sisi tulijaribu dawa hiyo hiyo. Novemba 2021 serikali yetu ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyekuwa na cheti cha chanjo asingepata huduma katika afisi za umma. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo katikati ya Desemba. Tofauti ni kwamba Mfaransa alipotishwa, chanjo ilikuwa ikimngojea kwenye duka la dawa la mtaani kwake. Mkenya wa mashambani angelazimika kulipa nauli ya matatu kwenda na kurudi, na pengine aambiwe dozi zimekwisha, arudi wiki ijayo.

Siku njema na mtu mwema

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Bhutan, ufalme mdogo wa Wabudha ulio milimani kati ya India na China. Ilipata dozi za kwanza kutoka India Januari 2021. Madaktari wengi wangezitumia kesho yake. Wao walingoja, kwa kuwa mwezi uliofuata ulihesabiwa kuwa wa nuksi. Watawa walitafuta siku na saa ya heri: tarehe 27 Machi, saa tatu na nusu asubuhi. Wa kwanza kudungwa akachaguliwa mwanamke wa miaka 30 aliyezaliwa katika mwaka wa nyani kwa kalenda yao. Katika muda wa wiki tatu hivi zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima waliostahili walikuwa wamechanjwa, tena katika nchi ambayo vijiji vingine hufikiwa kwa miguu tu.

Kuna wasomi watakaocheka. Mimi sioni la kucheka. Kungoja miezi miwili ni gharama, na kama ugonjwa ungekuwa umekwisha kuenea huko ningesema walikosea. Lakini maambukizi yalikuwa machache mno, na muda huo waliutumia kuwafunza wahudumu na kupanga vituo. Mwananchi wa Bhutan hakulazimika kuchagua kati ya daktari na mtawa, maana wote wawili walikuwa wamesimama upande mmoja wa meza.

Indonesia ililijua hilo kwa njia ngumu. Mwaka wa 2018 baraza la maulamaa lilisema chanjo ya ukambi na rubela ina kitu cha haramu ingawa inaruhusiwa kwa dharura. Wazazi wengi, hasa mkoani Aceh, walilishika neno la kwanza na kuliacha la pili. Wakati wa korona serikali haikungoja makosa yale yale. Maulamaa walihusishwa mapema, wakaitangaza chanjo ya Sinovac kuwa halali, ndipo Rais Joko Widodo akadungwa mbele ya kamera tarehe 13 Januari 2021. Wenzetu wa Pwani na Kaskazini Mashariki wanalifahamu swali hilo, na si swali la kupuuzwa hata kidogo.

Deni la Kano

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mwaka wa 1996 homa ya uti wa mgongo iliwaua maelfu ya watu kaskazini mwa Nigeria. Kampuni ya Pfizer ilifika Kano na kuwafanyia watoto 200 majaribio: nusu walipewa dawa yake mpya, Trovan, na nusu dawa iliyokuwa ikitumika. Watoto 11 walifariki, 5 wa kundi la kwanza na 6 wa kundi la pili. Kampuni ilishikilia kwamba ni ugonjwa uliowaua; wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni jaribio. Kesi ilidumu miaka mingi hadi makubaliano ya dola milioni 75 na jimbo la Kano mwaka wa 2009.

Hii haikuwa chanjo, lakini nani angemweleza hivyo mzazi wa Kano? Mwaka wa 2003 wahudumu walipobisha hodi na matone ya polio, viongozi wa jimbo walisimamisha zoezi hilo, uvumi ukisema kwamba matone yana dawa ya kufunga uzazi. Kano haikurudi hadi Julai 2004, baada ya kutafutwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Wakati huo virusi vilikuwa vimekwisha kusafiri. Mwaka wa 2005 polio iliyotokana na ile ya Nigeria ililipuka Yemeni na Indonesia kwenyewe. Wagonjwa hao wangekuwa leo vijana wa miaka 20 na kitu, na wengi wanatembea kwa mikongojo.

Ndugu zetu wazungumzao Kiswahili mashariki mwa Kongo wana deni la aina hiyo pia. Katika mkurupuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 watu zaidi ya 300,000 walichanjwa kule, na chanjo iliokoa wengi. Lakini Desemba 2018 serikali iliahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi, ikitoa Ebola na usalama kama sababu, ilhali rais angeapishwa Januari. Watu wa Beni walikuwa wamechinjwa na wanamgambo kwa miaka bila kuona msaada. Sasa waliona magari mapya yamejaa mji kwa ajili ya ugonjwa mmoja, na kura imeondolewa kwa jina la ugonjwa huo huo. Kituo cha Ebola kikavamiwa. Ungekuwa wewe, msomaji, ungeuliza swali gani kuhusu sindano?

Nasi tuna yetu. Mwaka wa 2014 maaskofu Wakatoliki walitangaza kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ina homoni ya kuzuia mimba. Serikali ikakana na kusema ni salama, na mabishano ya maabara yakaendelea magazetini mpaka mama wa kawaida asijue amwamini nani. Aprili 2020 madaktari wawili Wafaransa walisikika katika runinga wakizungumzia kuja kujaribu chanjo Afrika, na Shirika la Afya Duniani likawakemea. Machi 2021 chama kimoja cha madaktari Wakatoliki hapa nchini kiliwataka watu wasichanjwe, huku maaskofu wa kanisa hilo hilo wakisema chanjo inakubalika. Mwezi huo huo nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha kwa muda chanjo ya AstraZeneca kwa sababu ya kuganda kwa damu, jambo la nadra sana lakini la kweli. Chanjo hiyo hiyo ndiyo tuliyoletewa dozi milioni moja na kitu tarehe 3 Machi. Jirani zetu wa Tanzania, ambao rais wao John Magufuli alizitilia chanjo shaka hadharani Januari mwaka huo, walikuja kumwona rais mpya, Samia Suluhu Hassan, akidungwa tarehe 28 Julai. Mtu wa Namanga aliyesikiliza redio za pande zote mbili alisikia mambo mawili yanayopingana kwa siku moja.

Ukiyaweka haya pamoja, swali la mama mwuza mboga si la kipumbavu. Alikuwa anauliza: nani amelipa, na anataka nini kwangu? Jibu lipo, na lingenichukua dakika tatu. Dozi zile zililipiwa na serikali na wafadhili kupitia mpango wa kimataifa wa COVAX. Hazikuuzwa kwa sababu ugonjwa wa kuambukiza haumwachi tajiri akae salama peke yake. Asiyeweza kulipa akiugua, humwambukiza anayeweza. Ningeweza pia kumweleza kwamba angeumwa mkono na pengine kupata homa siku moja au mbili, kwamba kuna madhara mazito lakini ni nadra, na kwamba kwa umri wake na presha yake hatari ya korona ilikuwa kubwa kuliko hayo kwa mbali sana. Chanjo isingemhakikishia kwamba hataambukizwa kamwe. Ingepunguza sana uwezekano wa kuhitaji mtungi wa oksijeni.

Mambo haya hayakwisha na korona. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019, imefuatwa na uvumi ule ule wa kufunga uzazi. Wazazi waliniuliza maswali hayo hayo Julai 2025 ilipoletwa chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto. Siku hizi huwa nawauliza kwanza wamesikia nini na kutoka kwa nani, kisha nanyamaza. Mzazi mwenye wasiwasi ana haki ya kuomba aonyeshwe chupa ya chanjo na tarehe ya mwisho wa matumizi yake, aambiwe madhara yake yanaripotiwa wapi, na aulizwe kama mtoto ana mzio au aliwahi kupata shida baada ya sindano nyingine. Mwuguzi akikataa kumjibu, kosa ni la mwuguzi.

Mwaka jana mama yule alikuja na mjukuu wake wa miaka 10. Barua ya shule kuhusu chanjo ya wasichana ilikuwa imekunjwa ndani ya leso yake. Aliketi, akaifungua, akanitazama. "Hii nayo ni ya bure kwa nini?"

Nilifunga mlango, nikamwambia mwuguzi awaombe wagonjwa wavumilie. Tulizungumza karibu nusu saa, na msichana mwenyewe aliuliza maswali mawili mazuri kuliko ya nyanya yake. Hawakukubali siku hiyo. Mama alisema ataongea na mwanawe na mke wa pasta wao kwanza. Walirudi Jumatatu.